Picha Zisizopita Mkononi mwa Mwanamme

Muzna alikaa, akainuka, akakaa tena. Kiti hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwake mwenyewe. Tangu aingie studio ya Bahadurali, pale Malindi, alikuwa akiuvua mkoba begani na kuuvaa tena bila ya sababu, na sasa alizipanga upya juu ya meza picha tatu ambazo zilikwisha kupangwa.

"Utaichosha meza ya watu," alisema Faizal bila ya kumtazama.

"Meza yenu ina nguvu. Leo ndiyo imeanza kuchoka?"

"Leo ndiyo imepata mgeni mwenye wasiwasi."

Faizal, mtoto wa pekee wa Mzee Bahadurali, alikuwa na tabia ya kusema na Muzna huku akitazama pengine: kioo cha kompyuta, mlango, vidole vyake. Watu walidhani ni haya, na Muzna naye alidhani hivyo mwanzoni. Baadaye aligundua kwamba akigeuka ghafla humkuta anamtazama, kisha macho hukimbia. Toka siku hiyo akawa anageuka ghafla kuliko shingo yake inavyohitaji.

Picha tatu zile zilikuwa za kitu kimoja: sinia la halua na vikombe vya kahawa juu ya mkeka, alilolipiga picha mwenyewe nyumbani kwao Mpendae. Alikuwa ameipeleka picha hiyo hiyo kwa huduma tatu za mtandaoni, za nchi tatu, ili aone ipi inasafisha vizuri zaidi. Mwaka ulikuwa 2006, na kwa watu wengi wa Unguja jambo hilo lilikuwa bado geni: ukae Malindi, ubonyeze kitufe, picha yako iende Ulaya au Arabuni, kisha irudi ikiwa karatasi.

"Haya, tuamue," alisema Muzna. "Hii ya Uingereza."

"Karatasi yao nzuri. Lakini wamekata ukingo wa sinia. Angekuwa mtu, angerudi hana kichwa."

"Na hii ya Amerika?"

"Halua imetoka nyekundu. Biharusi akitoka rangi hii, watu watauliza kaungulia wapi."

Muzna akacheka, kisha akakumbuka kwamba hakuja kucheka.

"Imebaki ya Dubai."

Faizal aliichukua ile picha ya tatu, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaipindua, akaitazama ukingo kwa ukingo. Alikawia nayo sana, kwa kuwa alitamani kuliona kosa.

"Ya Dubai haina kosa," alisema mwishowe.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza: studio ipo, mashine ya kusafishia picha ipo chumba cha nyuma na inafanya kazi, sasa Dubai ya nini? Mtu huyo hajawahi kuhudhuria siku ya kupamba kwa wanawake wa mjini. Siku hiyo mabuibui hutundikwa, nywele huachiwa, migongo huonekana, na hata mabibi wanaoshikwa mkono kupanda ngazi hucheza mpaka wakasahau magoti yao. Mwanamme haruhusiwi hata kuchungulia. Na kama haruhusiwi kuingia ukumbini, basi hata picha za ukumbini haruhusiwi kuziona.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu ya Bi Banu, mama yake Faizal. Yeye ndiye aliyekuwa akisafisha picha za wanawake, peke yake, mlango umefungwa, na mumewe hutoka kwenda kukaa baraza ya ng'ambo, mgongo kaugeuzia duka lake mwenyewe. Watu wa Malindi wakimkuta Mzee Bahadurali kakaa vile hawamuulizi kitu. Wanajua kuna harusi. Lakini macho ya Bi Banu yaliingia ukungu, kidogo kidogo, mpaka akawa anaona vivuli tu. Picha za wanawake zikakosa mtu wa kuzisafisha.

Hapo ndipo Muzna alipojitosa. Dada yake aliyeolewa Maskati alimletea kamera ya dijitali, na kwa kuwa ni mwanamke na ana jicho zuri, nyumba zenye harusi zikaanza kumwita. Ya karibuni ilikuwa harusi ya Shemsa. Mama yake Shemsa, Bi Mwatum, alimshika mkono mbele ya wanawake wote wa ukumbini. "Picha za mwanangu zisipite mkononi mwa mwanamme. Niapie." Muzna akaapa. Kuapa mbele ya Bi Mwatum ni sawa na kutangaza redioni. Akikivunja kiapo kile, hakuna nyumba itakayomfungulia mlango tena, yeye na kamera yake.

Bi Banu mwenyewe alishatoa rai. "Njoo ukae na mimi chumba cha nyuma," alimwambia. "Wewe utie macho, mie nitie ujuzi." Muzna alifurahi mpaka alipolifikisha neno hilo kwa mama yake. Bi Dalal alimjibu kwamba chumba kile hakijaingiwa na mwanamke ila bibi wa nyumba ile, na akionekana anaingia na kutoka, watu watamhesabu keshakuwa mkamwana. "Bahadurali mtu mwema," alisema. "Kanipiga picha mie siku nnaolewa. Lakini kupigwa picha na Muhindi jambo jengine, na kuozesha mtoto jambo jengine."

Basi Muzna akaenda kutafuta msaada mtandaoni. Na mtandao wenyewe aliufuata wapi? Studio hiyo hiyo, kwa Faizal, aliyeweka kompyuta mbili mbele ya duka baada ya biashara ya picha kulegea. Mji mzima ulikuwa na vyumba vya intaneti, vingine karibu na kwao, lakini Muzna alisema ya Malindi ndiyo yenye kasi. Haikuwa na kasi hata chembe.

"Basi Dubai," alisema sasa, akazikusanya zile picha tatu, kisha akazitandaza tena. "Wewe unaonaje?"

"Nshasema. Haina kosa."

"Nakuuliza unaonaje."

Faizal alikaa kwenye kiti cha pili. "Nnaona kwamba yule anayesimama kwenye mashine kule Dubai si malaika. Naye mwanamme."

"Hamjui Shemsa. Bi Mwatum keshasema, asiyekujua hajakuona. Kwa yule wa Dubai sisi ni karatasi, anazihesabu, anazitia bahashani, basi."

"Na mimi?"

"Wewe unamjua Shemsa, na mama yake, na bibi yake. Ukimuona barabarani utakumbuka."

"Kwa hiyo kosa langu ni kuwajua watu."

"Ndiyo," alisema Muzna, akageuka ghafla. Macho ya Faizal yalikuwa pale pale alipoyatarajia, na safari hii yalichelewa kukimbia. Muzna akaanza kuufungua na kuufunga mkoba.

Lilikuwapo jambo ambalo wote wawili walikuwa wakilizunguka. Huduma zote tatu zilitaka kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, na Muzna hakumjua mtu Unguja aliyekuwa na kadi ya namna hiyo. Aliyekuwa nayo ni Hamed, mtoto wa ami yake aliyeko Maskati. Hamed ndiye aliyelipia zile picha za majaribio, zikafika kwenye sanduku lake la posta, akazituma kwa msafiri. Hakuuliza kitu wala hakujisifu. Alikuwa kijana mpole, ana kazi nzuri, na mwezi uliopita mama yake alipiga simu kumposea Muzna. Jibu lilikuwa linangojwa leo, baada ya alasiri, kwa simu.

"Ukiipokea kadi yake leo, umeyapokea na mengine," Bi Dalal alimwambia asubuhi. "Mtu hamtumii mwanamme namna hiyo kisha akamwambia hapana. Na kwani Hamed ana nini? Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Hamed si zimwi, mama."

"Basi ndiyo vizuri zaidi."

Na kweli Hamed hakuwa na ubaya. Tatizo ni kwamba alipolifikiria jina la Hamed alitulia kabisa, na alipolifikiria jina jengine hakuweza kukaa kitini.

"Nna swali," alimwambia Faizal, sauti ikiwa ya chini. "Hamed akitaka kulipa, inabidi aingie kwa jina langu na neno langu la siri, kama alivyofanya safari ile. Safari ile ilikuwa halua. Sasa zimo za Shemsa. Akiingia, ataziona?"

Jibu la ndiyo lilikuwa la kweli, lilikuwa fupi, na lingemaliza kila kitu. Kiapo kingekataa, Dubai ingekufa, Hamed angekwenda nayo. Muzna alimtazama akimuombea Mungu aseme ndiyo na anyamaze hapo.

"Akiingia ataziona zote," alisema Faizal. Kisha akavuta pumzi, akasogeza kipanya, akaonyesha maandishi madogo chini ya kioo. "Lakini si lazima aingie. Hapa wana zawadi. Yeye ananunua kule kwake, wanampa namba, anakusomea kwenye simu. Wewe unaiandika hapa, imekwisha. Hafungui picha hata moja."

"Umeitafuta lini hii?"

"Jana."

"Umekaa jana kutwa unanitafutia njia ya kulipiwa na Hamed?"

"Umeniuliza, nimekujibu."

"Sikukuuliza jana, nimekuuliza leo." Muzna aliinuka, kiti kikagonga ukuta. "Unajua leo siku gani? Unajua Hamed akipiga simu anataka nini?"

"Mji mzima unajua."

"Na wewe unanitengenezea njia. Unanishika mkono unanipeleka mpaka mlangoni kwake."

"Ulitaka nikudanganye?"

"Nilitaka uwe na la kuniambia, Faizal. Miezi yote hii nakuja hapa. Unadhani nafuata hii kompyuta yenu inayokwenda kwa kusukumwa?"

Faizal alifungua mdomo, akaufunga. Shingo yake ilikuwa imepiga wekundu. Wanawake wanaosoma haya watamlaumu, nami sitamtetea. Kuna wakati ukimya wa mwanamme unakera kuliko matusi.

"Haya," alisema Muzna. "Toka nje nizikague picha zangu, kisha niende zangu nikapokee simu."

Akatoka. Hakubisha wala hakugeuka nyuma. Alivuka njia, akakaa kwenye baraza ya ng'ambo kama alivyokuwa akikaa baba yake, mgongo kaupa duka. Muzna alivuta pazia la mlango na kuifungua ile tovuti ya Dubai, macho yanamuwasha, vidole vikikosea herufi.

Alitarajia kuzikuta nusu. Alhamisi alipokuwa akizipakia huko, maana moyoni alishaielekea Dubai kabla ya kuamua, umeme ulikatika zikiwa hazijafika hata katikati, na yeye akaondoka kwa hasira, diski akaiacha ndani ya kompyuta iliyokufa. Leo alikuwa amekuja kuanza upya. Lakini alipofungua, zote zilikuwamo, toka Shemsa anapakwa hina mpaka Bi Mwatum anacheza kavaa kilemba cha harusi cha mumewe.

Alizitazama kwa muda. Kisha akalivuta pazia.

"Faizal."

"Naam."

"Njoo."

Alipoingia, kioo kilikuwa kimeshazimwa, na Muzna kasimama mbele yake kana kwamba bado kuna kitu cha kuficha.

"Alhamisi nani kazimalizia?"

"Mimi."

"Wewe umezitazama?"

"Umeme ulirudi ulipokuwa umeshaondoka, na tovuti ikafunguka kwa jina lako, haikuuliza neno la siri. Nilijua asubuhi nzima umekaa hapa, na ulikuwa umechoka. Nikaona nizirudishie tu, nikufae. Nilifunika kioo kwa kanga ya mama, kama anavyotaka yeye mwenyewe. Nikabonyeza, nikatoka nje."

"Kisha?"

"Nikangoja. Nikarudi kuangalia kama zimekwisha. Nikainua pembe ya kanga, chini, pale panapoonyesha imefika wapi." Alivitazama vidole vyake. "Kanga ikateleza. Na picha iliyokuwapo ilikuwa yako."

Muzna aliijua picha ile bila ya kuambiwa. Ilikuwa moja tu yake yeye. Shemsa alimpokonya kamera akampiga kwa lazima. Nywele zimemwagika mpaka kiunoni, viatu mkononi, anacheka kinywa wazi kwa kuwa mtu nyuma yake alikuwa kaanguka.

"Ukafumba macho," alisema. Hakuuliza, alikuwa anamuombea.

"Hapana."

"Ukaifunika."

"Nilitakiwa niifunike. Sikuifunika. Niliitazama mpaka ilipoondoka yenyewe, kisha ndiyo nikaifunika, na nyengine sikuziona hata moja. Wallahi, Muzna, hata moja."

Nje punda wa mkokoteni alipita na mwenyewe akimkemea.

"Mimi nimeapa," alisema Muzna. "Nimeapa mbele ya watu. Nilimwambia Bi Mwatum, kwa Faizal hazina hofu, Faizal anatoka nje, kalelewa hivyo. Jina lako nililitaja mwenyewe. Na wewe unakaa hapa unachagua karatasi na mie, unaniambia halua nyekundu, unanifanya nicheke, na kumbe umeshaniona."

"Nilitaka kukwambia toka ulipoingia. Sikuweza."

"Ungenyamaza basi. Nani angejua?"

"Mimi ningejua." Sasa alikuwa anamtazama, usoni, bila ya kukimbia. "Umeniuliza kwa nini sina la kukwambia. Nilikuwa nalo toka mwaka jana. Nikajisemea, mama zetu watakataa, baba atapiga kelele, lakini nitasema. Kisha ikaja Alhamisi. Nikaona sasa nikisema nnakupenda, nitakuwa nasema kwa picha niliyoiiba. Na Hamed hajaiba kitu. Ndiyo maana nikakutafutia ile njia. Nilitaka angalau mmoja wetu awe safi."

Muzna alitaka kumpiga kwa mkoba. Alitaka pia kuweka mkono wake juu ya ule mkono uliokuwa ukingoni mwa meza. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alizunguka chumba, akagusa fremu ukutani, akaiweka sawa, akaipinda tena.

"Ulipoitazama," alisema akiwa kampa mgongo, "uliona nini?"

"Muzna..."

"Nijibu. Ushaona, sema umeona nini."

"Niliona mtu ambaye hapa hajawahi kucheka vile," alisema Faizal. "Nikaona wivu kwa waliokuwepo."

Pazia likafunguka. Bi Dalal aliingia na buibui lake likinuka udi, simu ya mkononi kaishikilia mbali na sikio kama kitu cha moto.

"Nilijua utakuwa hapa. Muzna, mtu anapiga simu toka nchi ya watu, wewe hupokei? Kanipigia mie. Huyu hapa, yuko njiani kwenda msikitini, anataka neno kabla."

"Shikamoo, Bi Dalal," alisema Faizal.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?" Hakungoja jibu. Alimtia binti yake simu mkononi na kukaa kwenye kiti cha wateja, magoti pamoja, macho juu ya mlango wa chumba cha mashine kana kwamba kuna mtu atamwita.

"Assalamu alaykum, Hamed," alisema Muzna.

"Waalaykumu ssalaam, binti ami." Sauti ya Hamed ilikuwa laini na karibu, simu ile ilitoa sauti yote nje na duka zima likasikia. "Sitaki kukuweka. Kadi ninayo hapa mkononi. Umechagua ipi, ya Uingereza au ya Dubai?"

Muzna alizitazama picha tatu mezani. Ya Dubai ilikuwa nzuri kweli, kila kikombe kimekaa mahali pake. Mtu angeweza kuishi na picha kama ile maisha yake yote bila ya kulalamika.

"Hamed, usiitoe kadi."

"Kwani haifai?"

"Inafaa. Zote zimefaa, na wewe umenifaa kuliko zote, na Mungu akulipe. Lakini picha hizi nitazisafisha mwenyewe, hapa hapa. Kwa Bi Banu, chumba cha nyuma."

Bi Dalal aligeuza shingo. Kwa mbali, kule Maskati, honi ya gari ililia.

"Bi Banu," alisema Hamed polepole. Naye alizaliwa Unguja, amekulia Mpendae. Chumba kile hakuhitaji kuelezwa. "Kwa hiyo na lile neno la mama..."

"Wewe ni mtoto wa ami yangu, Hamed. Nitafurahi uwe hivyo mpaka nnakufa."

"Nimefahamu," alisema Hamed. "Nipe Bi Dalal nimuage."

Bi Dalal alipokea simu, akasema maneno ya kuaga, ya heshima, kisha akaikata na kuitia mkobani kwa uangalifu mkubwa. Alipomgeukia binti yake hakupaza sauti. Wanawake wa nyumba ile wakikasirika sauti hushuka.

"Unajua umefanya nini?"

"Najua, mama."

"Hujui. Hamed atapata mke kabla ya Ramadhani. Wewe utaingia mlango ule, na ukitoka watu watakuuliza unaolewa lini, na kama huolewi watasema mengine. Huyu keshakwambia kitu? Keshasema neno, hata moja?"

Muzna hakumtazama Faizal. "Keshasema."

"Mbele ya nani?"

Muzna alikwenda chini ya ngazi, akaita juu, na Bi Banu akashuka, mkono mmoja ukutani, akinusa hewa. "Udi wa Dalal," alisema, akatabasamu kuelekea upande wa kiti. "Karibu. Kuna kazi?"

"Kuna kazi, Bi Banu," alisema Muzna. "Nimekuja kutia macho."

Bi Dalal angeweza kuondoka. Badala yake aliuvua mtandio, akaukunja juu ya mapaja, akasema kwamba kama mwanawe anaingia basi yeye hatoki, na asidhani amekubali. Faizal hakuambiwa, alikwenda zake nje. Mlango wa chumba cha nyuma ukafungwa.

Mashine ilinguruma mpaka karibu na magharibi. Bi Banu alikaa kwenye kigoda, akauliza rangi, akagusa karatasi kwa ncha za vidole, akasema ongeza, punguza, hiyo iache ipoe. Muzna alikosea, akarudia, akajifunza. Jasho lilimtoka na mikono ilimuuma, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuinuka kitini bila ya sababu. Zilipokwisha alizitia zote bahashani, akaifunga, akaandika jina la Bi Mwatum.

Moja hakuitia. Aliishika kifuani, uso wake kwa ndani, akatoka nayo mpaka mlango wa mbele, ambako Bi Dalal alikuwa ameshasimama na mtandio wake, na Faizal ndiyo kwanza anavuka njia kurudi.

"Zimekwisha?" aliuliza Faizal.

"Za Shemsa zimekwisha. Nnampelekea mwenyewe, na kiapo changu kimesimama." Alionyesha mgongo mweupe wa ile picha moja. "Hii ni yangu mie, haimuhusu Bi Mwatum, na kusamehe ni kazi yangu mwenyewe. Nnakwenda nayo Mpendae, nitaitia kabatini kwa mama. Ukitaka kuitazama tena, waje wazee wako kwanza."

Bi Dalal, aliyekuwa na mguu mmoja nje, aliurudisha ndani.

"Tena?" aliuliza.

Faizal alipauka. Angeweza kutazama mlango, au vidole vyake, au kuchelewa kujibu mpaka Muzna amsaidie, na Muzna alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Lakini alimtazama Bi Dalal machoni, kwa adabu, kama mtu anayesimama mbele ya kadhi.

"Naam, Bi Dalal," alisema. "Tena. Ndiyo maana nnakuja na wazee, na nnakuja kesho."